Hedhi Ikikatika Kabla ya Miaka 40: Namna ya Kutafuta Jibu, Tiba na Njia ya Uzazi Ukiwa Mombasa

Mwanamke aliye chini ya miaka 40 ambaye hedhi yake imepotea au imevurugika kwa miezi 4 au zaidi, naye hana mimba, anastahili kupimwa damu. Hilo ndilo jambo la kwanza, na ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Huambiwa kwamba bado ni mdogo, kwamba ni mawazo, kwamba mwili utajirekebisha wenyewe akiolewa au akinenepa kidogo. Basi hutoka zahanati na vidonge vya kuongeza damu, mwaka hupita, wa pili hufuata, na jambo ambalo lingejulikana kwa kutolewa damu mara moja tu likabaki bila jina.

Jina lake ni upungufu wa mapema wa ovari. Ovari ni vile vifuko viwili vya mayai vilivyo pande mbili za mfuko wa uzazi, na kazi yake si kutoa mayai peke yake, bali pia kutengeneza homoni ya estrojeni inayotumiwa na mifupa, mishipa ya damu, ubongo na uke. Msichana huzaliwa na mayai kati ya milioni 1 na milioni 2. Anapobalehe hubakiwa na kama 300,000 au 400,000, nayo huendelea kupungua mpaka hedhi inapokoma, kwa kawaida karibu na umri wa miaka 50. Kwa baadhi ya wanawake mayai huisha mapema mno, au yamo lakini hayaitikii amri inayotoka kwenye ubongo. Kwa muda mrefu wataalamu walikadiria kwamba hali hii humpata mwanamke 1 katika kila 100 walio chini ya miaka 40, na makadirio ya karibuni yanasema huenda ni 3 au 4. Chini ya miaka 30 ni nadra zaidi, kama 1 katika kila 1,000, lakini ipo, na kwa hiyo umri mdogo hauwezi kuwa sababu ya kumnyima mtu kipimo.

Niseme mapema msimamo ninaouandikia mwongozo huu. Hapa kwetu habari hii huzungumzwa kama habari ya mtoto tu: atazaa au hatazaa. Swali hilo ni zito na nitalifikia. Hata hivyo, upungufu huu ni wa homoni kwanza, na mwanamke ambaye hataki mtoto, au ambaye tayari ana watoto 4, anahitaji tiba sawasawa na yule anayelia kwa kukosa, kwa sababu mifupa na moyo wake havina habari na idadi ya watoto alionao.

Kuzitambua dalili katika mji wa joto

Dalili ambayo wengi wameisikia ni joto la ghafla mwilini, na Mombasa ndipo mahali pepesi pa kuikosea. Kuanzia Disemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, kila mtu anatoka jasho na hakuna anayelishangaa. Angalieni tofauti. Joto la hewa hupanda na jua, feni hulipunguza, na wote waliomo chumbani hulihisi pamoja. Joto la homoni huanzia kifuani, likapanda shingoni na usoni kwa dakika chache huku moyo ukienda mbio, kisha likaondoka na kuacha baridi. Huja hata mwezi wa Julai, usiku wa kusi na mvua, wakati mume au dada uliyelala naye amejifunika shuka hadi kidevuni nawe umekaa kitandani kanga imelowa mgongoni, ukitafuta nyingine kavu gizani. Hilo likikutokea mara kwa mara, usiitupie lawama hali ya hewa.

Pamoja nalo huweza kuja usingizi wa mang'amung'amu, hasira zisizo na sababu, huzuni, kusahausahau, maumivu ya viungo, ukavu wa uke na maumivu katika tendo la ndoa. Wengine hawapati lolote katika hayo. Hedhi ndiyo ishara yao pekee, na wako wanaogundua baada ya kuacha dawa za kupanga uzazi wakitaka mtoto, kumbe vidonge vilikuwa vinawaletea damu ya kila mwezi na kuuficha upungufu.

Andika tarehe. Tumia daftari au simu, ukiweka siku damu ilipoanza, siku ilipokata, na usiku ambao joto lilikuamsha. Kama wewe huhesabu kwa mwezi mwandamo, endelea hivyo, ila mwambie daktari ili asichanganyikiwe. Mgonjwa anayesema "hedhi yangu imevurugika" hupewa dakika 5. Anayeweka mezani ukurasa wa tarehe za miezi 6 husikilizwa.

Kuondoa sababu nyingine kwanza

Pima mimba kabla ya chochote, hata kama una hakika. Kisha jiulize kuhusu kupanga uzazi. Sindano ya miezi 3, inayotumiwa sana na kina mama wa Kisauni na Likoni kama ilivyo kote nchini, hukata hedhi kwa wengi, na baada ya sindano ya mwisho inaweza kuchukua miezi 10 au zaidi uzazi kurudi. Hiyo ni athari ya dawa inayopita, na ovari hazijaharibika. Kijiti cha mkononi nacho huvuruga damu. Kunyonyesha, kukonda kupita kiasi, mazoezi makali na msiba mkubwa vyote vinaweza kuisimamisha hedhi. Vivyo hivyo kasoro ya tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, kuzidi kwa prolaktini, ambayo ni homoni ya maziwa, na ile hali ya ovari kuwa na vifukofuko vingi, ambayo pia huchelewesha hedhi lakini ni jambo tofauti kabisa na tiba yake ni tofauti.

Kupima, na kuisoma karatasi ya maabara

Unaweza kuanzia kituo cha afya cha karibu, lakini omba barua ya kupelekwa kliniki ya magonjwa ya wanawake. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani inayo, na hospitali kubwa za binafsi kisiwani zina madaktari bingwa wa fani hiyo. Ukifika, usimung'unye maneno. Sema: "Daktari, nina miaka 32, sijaona hedhi kwa miezi 5, sina mimba, situmii dawa ya kupanga uzazi. Naomba nipimwe FSH, estrojeni, thairoidi na prolaktini." Sentensi hiyo si utovu wa adabu. Humsaidia daktari mwenye foleni ndefu, na hukuokoa na safari ya pili.

FSH ni homoni inayotoka chini ya ubongo kuziamuru ovari zifanye kazi. Ovari zikiitika, inabaki chini. Zisipoitika, ubongo huzidisha amri na kiwango hupanda. Kama bado unaona damu mara mojamoja, pimwa kati ya siku ya 2 na ya 5 ya hedhi, kwa sababu katikati ya mwezi FSH hupanda kidogo hata kwa mwanamke mzima wa afya. Kama huoni damu kabisa, siku yoyote inafaa. Ukiwa unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, ambavyo siku hizi vimejaa madukani, mwambie mpima maabara na uviache siku kadhaa kabla ya kipimo, kwani biotini nyingi huweza kuzipotosha mashine za homoni na kuonyesha FSH ndogo kuliko ilivyo.

Karatasi ikitoka utaona namba yako upande mmoja, na upande wa pili safu ya viwango vinavyotarajiwa: mwanzo wa mwezi, katikati, mwisho, na chini kabisa kiwango cha wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Mwanamke wa miaka 29 anayeiona namba yake, tuseme 61, ikiangukia kwenye mstari ule wa chini, huhisi kana kwamba karatasi si yake. Ni yake, na inasomeka hivi: FSH iliyozidi 25 pamoja na hedhi iliyovurugika miezi 4 au zaidi ndicho kigezo cha mwongozo wa chama cha Ulaya cha wataalamu wa uzazi, ESHRE. Mwongozo wa mwaka 2016 ulitaka vipimo viwili vilivyopishana kwa zaidi ya wiki 4; ule wa 2024 unaridhika na kimoja, kingine kikirudiwa palipo na shaka. Mimi naona kama uwezo upo, kirudie. Ni habari ya maisha mazima.

Jihadhari na kipimo cha AMH kinachouzwa katika vifurushi vya afya ya mwanamke. Kinakadiria mayai yaliyobaki na kina faida yake mikononi mwa mtaalamu, lakini mwanamke ambaye hedhi yake inakuja barabara kila mwezi hawezi kuambiwa ana upungufu wa ovari kwa sababu ya AMH ndogo peke yake. Kuna waliotishwa kwa namba hiyo wakakosa usingizi bure.

Kutafuta chanzo

Mara nyingi chanzo hakipatikani, na ni vizuri ulijue hilo kabla hujaanza kujilaumu. Hata hivyo kinafaa kutafutwa, kwa sababu baadhi ya vyanzo vina hatari zake. Daktari ataomba kipimo cha kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi, hasa kwa msichana mdogo, kwani wenye hali ya Turner, waliozaliwa na kromosomu moja ya X badala ya mbili, wanahitaji kuangaliwa moyo na mshipa mkuu wa damu maisha yao yote. Kipimo cha jeni ya FMR1 hutafuta badiliko linalorithiwa; kama mwanamke 1 katika kila 5 wenye badiliko hilo hupatwa na upungufu wa ovari, na watoto katika ukoo, hasa wa kiume, huweza kuzaliwa na ulemavu wa akili. Vipimo hivi vya jeni huenda vikahitaji sampuli kupelekwa nje ya Mombasa, kwa hiyo uliza gharama na muda kabla damu haijatolewa.

Chanzo kingine ni kinga ya mwili kuzishambulia ovari, na mara nyingi haishii hapo. Huzigusa pia thairoidi na tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Hili la adrenali nalisisitiza. Mwanamke mwenye upungufu wa ovari anayekonda, anayechoka kupita kiasi, anayeona kizunguzungu akisimama, anayetamani chumvi na ambaye ngozi yake inazidi kuwa nyeusi kwenye mikunjo ya viganja na ufizi, aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu tezi hizo zikishindwa kabisa zinaua.

Wapo ambao ovari ziliathiriwa na tiba ya saratani, au upasuaji wa kuondoa uvimbe kwenye ovari, na kwa nadra sana matumbwitumbwi. Ikiwa wewe au binti yako mnaandaliwa kwa tiba ya kemikali au mionzi ya nyonga, ulizeni kuhusu kuhifadhi mayai kabla ya dozi ya kwanza, kwa maana baada ya hapo nafasi hupungua sana. Sigara nayo huharakisha kukoma kwa hedhi, na shisha, ambayo serikali iliipiga marufuku mwaka 2017 lakini bado inavutwa kwenye baraza na vilabu, ni moshi wa tumbaku uleule.

Muulize mama, mama wadogo, mashangazi na nyanya walikuwa na umri gani hedhi zao zilipokatika. Ni mazungumzo mazito kuanzishwa, lakini mahali penye somo au kungwi wa familia, yeye aghalabu ndiye anayeijua habari hiyo kuliko yeyote.

Wengi pia huambiwa wamefungwa kizazi na mtu mwenye husuda. Sitamkataza mtu kusomewa dua, na dua haigombani na maabara. Ninachokataa ni kukaa miaka 3 ukihama kutoka kwa mganga mmoja hadi mwingine huku mifupa ikipungua, na ninachokataa zaidi ni zile dawa za kusafisha kizazi zinazowekwa ukeni, ambazo huunguza ngozi ambayo tayari imekuwa nyembamba kwa kukosa estrojeni.

Kurudisha homoni

Tiba ni kuurudishia mwili kile ambacho ovari hazitoi: estrojeni, na projesteroni kwa kila mwenye mfuko wa uzazi, kwani estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa mfuko huo na kuongeza hatari ya saratani yake. Tiba hiyo huendelea angalau mpaka umri ambao hedhi ingekoma yenyewe, yaani karibu na miaka 50. Dozi ya mwanamke kijana ni kubwa kuliko ya mwenye miaka 55; kwa kawaida estradioli, ambayo ni aina ya estrojeni, ya miligramu 2 kwa siku kwa kidonge, au kibandiko cha mikrogramu 75 hadi 100. Projesteroni hutolewa ama kila siku, ama siku 12 hadi 14 za kila mwezi, na huu mpango wa pili huleta damu inayofanana na hedhi. Wengine hupewa vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni zote mbili, na hivyo navyo hufanya kazi, hasa kwa msichana asiyetaka kueleza dawa zake kwa kila anayemuuliza.

Utaambiwa kwamba homoni huleta saratani ya matiti. Hofu hiyo ilienea duniani mwaka 2002, baada ya matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliowahusu wanawake wa miaka 50 hadi 79, ambao waliongezewa homoni juu ya umri ambao mwili ulikwisha kuziacha. Wewe wa miaka 30 unarudishiwa tu kile ambacho wenzako wa rika lako wanacho, na hadi unapofika umri wa kawaida wa kukoma hedhi, hatari yako haijaonekana kuzidi yao. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti ana hesabu nyingine, na uamuzi wake ni wa kukaa na daktari wa saratani. Mwenye presha, uzito mkubwa au historia ya damu kuganda aombe kibandiko au jeli, kwa sababu vidonge vya estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda na njia ya ngozi haionekani kuiongeza. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukipata maumivu ya kifua na kukosa pumzi ghafla, ni dharura.

Kibandiko na hali ya hewa yetu vinataka maarifa. Kibandike chini ya kiuno au kwenye tako, si kiunoni ambapo suruali au kanga hukikwangua, na kamwe si kwenye titi. Ngozi iwe safi na kavu kabisa, ambayo siku hiyo haijapakwa mafuta ya nazi wala losheni, kwa sababu mafuta ndiyo huking'oa kabla jasho halijafika. Oga, jifute, kaa chini ya feni mpaka ukauke, kisha kibandike na ukikandamize kwa kiganja kwa sekunde 10 au zaidi. Ukibadilisha, hamia upande wa pili. Ikiwa ni jeli, iache ikauke kabla ya kuvaa, na usimbebe mtoto kwenye ngozi hiyo kwa muda wa saa moja. Dawa zisiachwe ndani ya gari linalosubiri feri Likoni saa 8 mchana. Joto lile huziharibu.

Mwezi wa Ramadhani hauhitaji kusimamisha tiba. Kidonge cha mara moja kwa siku humezwa wakati wa daku au baada ya futari, na projesteroni ya asili humezwa usiku wakati wa kulala kwa kuwa huleta usingizi. Kama damu inayoletwa na dawa inakutia shaka kuhusu swala na saumu, mweleze mwanachuoni unayemwamini namna inavyokuja na inavyokatika. Ukipenda kutokuwa nayo kabisa, muulize daktari kuhusu mpango wa projesteroni ya kila siku.

Kwa uke mkavu kuna krimu ya estrojeni ya kuweka mahali penyewe, ambayo huweza kutumiwa pamoja na tiba ya mwili mzima, na vilainishi vya dukani. Shabu iachwe. Wanawake wa mwambao wameitumia kubana uke, lakini kwenye uke uliokosa estrojeni hukausha na kupasua, na michubuko ni mlango wa maambukizi. Vilevile mafuta ya nazi hayapatani na kondomu za mpira, huzidhoofisha zikaweza kupasuka.

Mifupa na moyo

Bila estrojeni mifupa hupoteza uzito mapema, na mwanamke wa miaka 45 huweza kuvunjika kifundo cha mkono kwa kuteleza tu bafuni. Omba kipimo cha msongamano wa mifupa ugonjwa unapogundulika. Kalisi inayotakiwa ni kama miligramu 1,000 kwa siku: glasi moja ya maziwa au mtindi ina karibu 300, dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao wana nyingi, simsim inayo, na sukumawiki hutoa kalisi inayofyonzwa vizuri kuliko ya mchicha, ingawa mchicha una faida nyingine. Jua tunalo tele, lakini mwanamke anayetoka nyumbani akiwa amejistiri mwili mzima huenda akapungukiwa vitamini D katikati ya mwanga wote huo. Aote jua uani au juu ya dari mikono na miguu ikiwa wazi, au apimwe apewe vidonge. Kuogelea kunaufaa moyo ila hakuipi mifupa mzigo inaouhitaji. Tembea kwa haraka, panda ngazi, beba vitu vizito kiasi.

Presha, sukari na mafuta ya damu vipimwe kila mwaka, kwa sababu kukosa estrojeni mapema huongeza hatari ya maradhi ya moyo. Sindano ya miezi 3 si chaguo zuri kwako hata kama inapendwa, kwani nayo hupunguza mifupa.

Suala la mtoto

Ovari zilizopungukiwa huweza kuamka kwa mwezi mmoja na kulala tena, na kati ya wanawake 100 wenye hali hii, 5 hadi 10 hushika mimba wenyewe baadaye. Kwa hiyo usiruhusu mtu akuite tasa, na kama hutaki mimba, jua kwamba homoni za tiba ya kawaida hazizuii. Tumia njia ya kupanga uzazi. Hakuna dawa iliyothibitishwa ya kuziamsha ovari kwa kutaka. Sindano za plazma, yaani maji ya damu, na za chembe asilia (seli shina) zinazotangazwa kwa bei kubwa bado ni utafiti, na mimi namsihi kila anayekaribia kuuza kiwanja kwa ajili yake asubiri, aulize kwanza ni watoto wangapi walio hai wamezaliwa kwa njia hiyo hapo kliniki, na aombe jibu kwa maandishi.

Njia yenye mafanikio zaidi ni yai la mwanamke mwingine kurutubishwa kwa mbegu za mume nje ya mwili na kuwekwa ndani ya mfuko wako, ambao ukiandaliwa kwa homoni huweza kubeba mimba vizuri. Kenya ina utaalamu wa urutubishaji wa nje ya mwili tangu watoto wa kwanza wa njia hiyo walipozaliwa Nairobi mwaka 2006. Mwenye Turner asithubutu kabla ya moyo wake kupimwa kikamilifu. Wanachuoni wengi wa Kisunni hawaruhusu yai la mtu wa tatu, na miongoni mwa wanachuoni wa Kishia wapo wanaoruhusu; muulize wa madhehebu yako kabla hujalipa senti ya kwanza, kwani ukiuliza baada ya mimba kuingia umejitwisha mzigo usiokuwa na haja. Kwa Mwislamu anayetaka kulea, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaitambua kafala, ambapo mtoto hulelewa na kutunzwa bila kubadilishwa nasaba. Wengine wana njia ya kuasili.

Nyumbani na ukoo

Nenda kliniki na mume wako angalau siku ya majibu. Akisikia kwa daktari mwenyewe, hatakuwa mtu wa kusimuliwa na wengine. Mavyaa akihoji, jibu fupi linatosha: "Mama, nimepimwa, homoni zangu zimepungua. Natumia dawa kila siku kama mwenye sukari anavyotumia zake, na habari ya mtoto tunaishughulikia mimi na mwanao." Huna deni la kuonyesha karatasi kwa mtu mwingine. Ikitokea talaka, na hedhi yako imekatika ukiwa kijana, usijihesabie eda kwa kukisia. Peleka swali kwa Kadhi ukiwa na barua ya daktari inayoeleza hali yako, kwa sababu hukumu ya mwanamke kijana ambaye damu imekatika ina maelezo yake katika fiqhi.

Huzuni itakuja, na kwa wengine huja kwa nguvu wanapohudhuria arobaini ya kuzaliwa kwa mtoto wa jirani. Mwambie daktari kama unapoteza hamu ya kula, ya kuamka, au ya kuishi. Ushauri nasaha ni sehemu ya tiba, wala si anasa.

Waambie dada zako, hasa kama jeni imepatikana. Binti aliyefika miaka 15 bila kuona hedhi hata mara moja apelekwe kupimwa.

Mara hali ya ovari ikishajulikana na tiba ikatulia, rudi kwa daktari kila mwaka, hata unapojiona mzima, mkague dozi, presha, uzito na dalili zilizobaki. Ukikaribia miaka 50 mtajadili kama uendelee kwa dozi ndogo au uache pole pole, na kuanzia hapo hesabu ya faida na hatari za homoni inakuwa sawa na ya mwanamke mwingine yeyote wa umri huo.